Jaa Isiyoonekana Mvita

Wayunani wa kale walipotaka kuipa jina elimu ya nyota waliunganisha astron, yaani nyota, na nomos, yaani kanuni, wakapata astronomia. Nao Waarabu, waliokifasiri kitabu cha Ptolemy wa Iskandaria wakakiita al-Majisti, walistahabu falak, mzunguko wa nyota, ambayo sisi wa pwani tuliirithi ikawa falaki, nayo leo, kwa huzuni yangu, wengi wakiisikia hudhani ni kupiga bao tu.

Lakini mabaharia wetu hawakuhitaji jina la elimu, kwani nyota zenyewe walizifanya majina ya dunia: kusini wakakuita suheli, na kaskazini jaa.

Mwezi wa Februari, baada ya sala ya isha, nilimkuta mzee mmoja, rubani wa majahazi zamani, ameketi peke yake kwenye ngazi za Bandari ya Kale, ambako siku hizi vyombo ni vichache na maji hupiga mawe bila ya mtu kuyasikiliza. Akanyosha kidole juu ya Ngomeni. "Suheli ile."

"Na Jaa iko wapi, mzee wangu?"

"Jaa huioni hapa, mwanangu. Hapa imezama. Ondoka na kusi, uipite Lamu, uipite Kismayu, ndipo huzuka baharini. Na kadiri unavyokwenda, nayo hupanda."

Nilinyamaza kitambo. Mji mzima, vizazi kwa vizazi, ulikuwa ukiutaja upande mmoja wa dunia kwa nyota ambayo hakuna dari ya Mji wa Kale inayoweza kuionyesha; kumbe neno lile liliingia chomboni, likashushwa pwani pamoja na tende na mazulia, na kila aliyelitamka, hata bibi asiyevuka kivuko cha Likoni, alikuwa akiamini macho ya waliosafiri. Leo kijana humwonyesha mwenziwe njia kwa simu, na mbingu zenyewe zimefunikwa na taa za mji.

Nikamwuliza walijuaje wamefika wapi. Akasema kwa vidole, kipimo kilekile alichokieleza rubani wa Kiarabu Ahmad ibn Majid katika karne ya 15. Kisha akageukia upande wa Kisauni, akaunyosha mkono, akakunja kidole gumba, akavilaza vinne juu ya giza.

"Hivi," akasema, "tulipokuwa tukiikaribia Rasi Hafuni."

Na mkono akauacha palepale, muda mrefu, juu ya mahali pasipokuwa na nyota.