Funga na Fungua: Michezo ya Kale ya Kompyuta na Amri za Kiswahili

Wahakiki wa michezo ya kompyuta aghalabu hutazama picha na sauti. Katika michezo inayohakikiwa hapa picha, pale zilipo, ni pambo tu. Ni ile michezo ya maandishi ya kompyuta za nyumbani za mwanzo, ambamo mashine humweleza mchezaji mahali alipo, naye huchapa amri: chukua taa, fungua mlango, nenda kaskazini. Hapana tendo lifanyikalo humo pasipo neno, na kwa sababu hiyo yafaa mtu wa istilahi aitazame.

Huku kwetu michezo hii haikupata wachezaji wakati wake. Mwaka 1974, mwaka uleule Mkoa wa Rukwa ulipoundwa, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Matangazo ya televisheni yalianza Tanzania Bara mwaka 1994. Kompyuta kama ZX Spectrum ya mwaka 1982 ilitegemea vyombo viwili vya nyumbani: redio-kaseti ya kusomea programu kutoka katika kanda, na televisheni ya kuonyeshea maandishi. Nyumba zilizojiweza za Sumbawanga zilikuwa na chombo cha kwanza tu. Leo kompyuta yoyote ikiwekewa programu ya kuigiza mashine kongwe huweza kuiendesha michezo hiyo, na twaweza kuipima kwa utulivu.

Tuanze na Adventureland, mchezo uliotungwa na Mmarekani Scott Adams mwaka 1978 kwa ajili ya kompyuta ya TRS-80 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16. Mchezaji hutafuta hazina 13. Hadithi yake ni nyembamba, na maelezo ya mahali ni ya mkato mno. Mashine hupokea maneno mawili tu, kitenzi na jina, na katika kila neno husoma herufi tatu za mwanzo, zinazofuata huzipuuza. Kwa Kiingereza ubanifu huo ulitosha, kwani maana ya neno aghalabu hujitokeza mwanzoni mwake. Kwa Kiswahili haufai hata kidogo. Kiti, kitabu, kitanda na kitasa vyote huwa kitu kimoja. Kibaya zaidi, funga na fungua huwa amri moja, na hata ukiongeza herufi ya nne bado hazitengani. Hali kadhalika ziba na zibua, tega na tegua, kunja na kunjua. Lugha yetu hugeuza tendo kuwa kinyume chake mwishoni mwa neno, mahali hasa ambapo mashine ile haikutazama. Mchezaji wa Kiswahili angeamuru mlango ufungwe, nao ungefunguka.

Nilipoujaribu mchezo wa namna hii kwa karatasi na walimu wachache mjini Sumbawanga, mmoja wetu akiwa mashine, tatizo jingine lilijitokeza mapema. Waingereza huandika herufi moja tu kwa kila upande wa dunia. Sisi tukifanya hivyo twapata K mbili na M mbili. Walimu walitatua jambo hilo papo hapo kwa kuandika kas, kus, mas na mag, vifupisho ambavyo sioni sababu ya kuvikataa. Lakini neno walilolitumia zaidi ya yote lilikuwa teremka. Katika uwanda wa juu wa Ufipa neno hilo halitoshi: ukiteremka upande mmoja wafika Muze katika bonde la Rukwa, na ukiteremka upande wa pili wafika Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika. Aliyekuwa mashine alilazimika kuuliza, “Wapi?” Ninaona swali hilo ni jibu bora kuliko kukataa amri, kama ifanyavyo michezo mingi ya wakati ule.

The Hobbit, uliotengenezwa Melbourne na Philip Mitchell na Veronika Megler na kutolewa mwaka 1982, ni kazi kubwa zaidi. Umetokana na kitabu cha Tolkien cha mwaka 1937. Hupokea sentensi kamili zenye vielezi, na mchezaji huweza kuwaamuru wahusika wengine, ambao nao hutembea na kutenda bila kumngojea. Ufundi wa kuchambua sentensi uliitwa Inglish, jina la majigambo kidogo. Majigambo hayo ndiyo hugharimu: mchezaji huamini kuwa anaeleweka, kisha sentensi iliyo sahihi kabisa hukataliwa. Thorin naye huketi na kuimba kuhusu dhahabu wakati hatari ipo mlangoni. Mara ya kwanza huchekesha, mara ya kumi huudhi. Hata hivyo, nimeurudia mchezo huu mara nyingi kuliko Adventureland.

Hapa ndipo Kiswahili kingeweza kuisaidia mashine. Kwa Kiingereza kiwakilishi cha vitu vyote ni kimoja. Chumbani mkiwa na jembe, taa na kisu, mashine hubahatisha kinachotajwa. Kwa Kiswahili lichukue ni jembe, ichukue ni taa, kichukue ni kisu. Ngeli, ambazo watengeneza programu huziona kuwa mzigo, hutoa habari ambayo Kiingereza hakina. Tatizo la kweli ni uchukue: je, ni mwenge uchukuliwe, au ni wewe unayeambiwa uchukue? Mtu huamua kwa muktadha. Mashine itahitaji kanuni.

Haya si ya michezo tu. Istilahi zetu nyingi ziliundwa ili zisomwe, hazikuundwa ili zitoe amri. Tangu mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu ya ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, mtumishi wa umma aweza kukuta amri za Kiswahili mezani pake. Hifadhi ni amri, na pia ni jina. Kwa mkazi wa Ufipa hifadhi ni Katavi, penye viboko. Hariri ni kitendo, na pia ni kitambaa. Vitenzi hivi vya mkopo haviishii na -a, hivyo umbo haliwezi kumwambia msomaji kama anaamriwa au anaonyeshwa mahali. Tunza na rekebisha havina utata huo. Sidai kwamba kanuni ya -a ifuatwe kila mahali, maana rudi haimpotezi mtu. Nadai kwamba kabla ya orodha yoyote ya amri kuchapishwa, ichezwe kwanza kwa karatasi, mmoja akiwa mashine asiyeruhusiwa kukisia, na yale maneno yatakayomkwamisha yarudishwe kwenye kamati.