Ratiba Inayoanzia Majini

Kuna mama mmoja hapa Wanyange, karibu na Jinja, mwalimu mstaafu, anayewapangia wenzake wa kikundi cha akiba safari za visiwa vya Ssese. Vifaa vyake ni daftari la mistari, penseli na kifutio. Nimekaa naye barazani, ziwa likionekana kule chini ya kilima, nikamtazama akizipanga siku tatu kwa jioni nne.

Haanzii nyumbani. Mstari wa kwanza anauandika katikati ya ukurasa: saa nane mchana, Nakiwogo. Hapo Entebbe ndipo meli ya Kalangala huondokea, na hiyo ndiyo saa pekee asiyoweza kuisogeza. Kutoka hapo anapanda na ukurasa kinyumenyume. Saa sita wawe bandarini. Kabla yake, barabara ya kulipia kutoka Busega. Kabla ya Busega, barabara ya mchepuko inayoanzia Bweyogerere, ili gari lisiguse kabisa katikati ya Kampala. Kabla ya hapo foleni ya Mukono, na kabla ya foleni, Namawojjolo, watu wapate kuku wa kuchoma na gonja. Akishapita Lugazi, msitu wa Mabira na daraja la Nile, saa ya kutoka Wanyange inakuwa imejitokeza yenyewe juu kabisa: saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Kisha anawapangia watu viti. Meli huelekea kusini-magharibi, na jua la alasiri huwaka upande wa kulia, kwa hiyo wazee anawaandikia kushoto. Safari huchukua kama saa tatu na nusu, maana yake watafika bandari ya Lutoboka, kisiwani Bugala, jua likiwa bado halijazama. Hilo nalo alilihesabu.

Siku ya pili ina mistari mitatu tu, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu kweli. Asubuhi, msituni kwa miguu. Mchana, ufukweni. Jioni, samaki. Nilimuuliza mbona asiongeze kisiwa kingine.

“Visiwa ni 84, mwanangu. Nikiongeza kimoja tu, siku nzima mtakuwa mnasubiri mtumbwi.”

Kabla ya msitu ameandika neno moja: malale. Ni mahali pa kusimama na kuwasimulia watu jinsi ugonjwa huo ulivyowamaliza wakazi mwanzoni mwa karne iliyopita, hadi serikali ya kikoloni ikawahamisha waliosalia mwaka 1909. Anataka wayasikie hayo kwanza ndipo waingie chini ya miti, wajue kwamba wanapita mahali palipowahi kuhamwa.

Siku ya tatu ndiyo inayoonyesha mkono wake. Jambo rahisi lingekuwa kurudi na meli ileile, inayotoka Lutoboka saa mbili asubuhi. Yeye anawakatisha Bugala kwa barabara, katikati ya mashamba ya michikichi, hadi Luku, kwenye kivuko kisichotoza nauli, wavuke mpaka Bukakata. Kutoka hapo wanapitia Masaka kuelekea Kayabwe, wapige picha kwenye mstari wa Ikweta, kisha Mpambire kwa mafundi wa ngoma. Ngoma ameziweka mwisho ili atakayenunua asihangaike na mzigo wake majini. Barabara hiyo inawatoa Busega, palepale walipopita siku ya kwanza, na mduara unafungwa.

Inabaki njia ya Jinja, ambayo lazima irudiwe. Pembeni ya ukurasa niliona maandishi yaliyofutwa, bado yanasomeka kwa mbali: Mukono, Kayunga, Njeru. Alikuwa amejaribu kuwanusuru hata hapo. Nilimwonyesha kwa kidole. Akaniambia kuwa kufikia hapo giza litakuwa limeingia, na aliye gizani haoni kitu kipya. Akapuliza vumbi la kifutio, akafungua ukurasa mwingine, akaanza kuandika majina ya wanaougua wakiwa majini, awaweke karibu na mlango.