Usiku wa Andalio la Somo

Majirani wamekwisha kuzima taa, lakini mwalimu wa Maarifa ya Jamii katika shule ya msingi ya kijijini bado yuko mezani. Kesho ni somo la ramani. Mbele yake pana azimio la kazi, kitabu cha kiada na daftari la maandalio. Anapiga mistari kwa rula, anajaza tarehe, kipindi, idadi ya wavulana na wasichana. Kisha anazigawa dakika 40: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri, hitimisho. Kila hatua inadai jibu: mimi nitafanya nini, mtoto atafanya nini, nami nitajuaje kwamba ameelewa?

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mtoto ambaye hajawahi kushika ramani ataielewaje skeli? Mwalimu anaamua waanze na darasa lao wenyewe, walipime kwa hatua za miguu. Dira wataitafuta kwa jua la asubuhi. Vitabu havitoshi, basi anachana boksi, anachora upande wa ndani fremu na ufunguo, nakala moja kwa kila kundi.

Baada ya kipindi ataandika tathmini kwa ukweli: wangapi wameelewa, kipi kirudiwe.

Mtoto hatalisoma daftari hilo. Ataona tu kwamba somo lilikuwa jepesi. Wepesi huo ulilipiwa usiku, na sisi tunaojua mashariki ni wapi bado tunadaiwa.