Sifa ya Motokaa

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza. Motokaa ya Peugeot 404 ilijiuza hivyo iliposhinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka huo wa mwisho magari 93 yalianza, 7 tu yakafika. Sifa hiyo ilikuwa ya haki. Lakini ilishuhudia gari lililotunzwa na mafundi hodari. Haikushuhudia gari kuukuu, lililopakiwa kupita kiasi na kucheleweshewa oili. Ndiyo sababu mwenye gari mmoja alisifu na mwenziwe akalaumu, na wote wawili walisema kweli. Basi, msomaji, anunuaye kwa sifa peke yake huiweka akiba yake rehani. Uliza kwanza sifa ilipatikana wapi, na kwa matunzo ya nani.