Fundi wa Seli za Kitovu

Kitovu kinachokatwa mtoto anapozaliwa kina mishipa mitatu: ateri mbili nyembamba na vena moja pana. Fundi wa maabara huitaka vena. Hupenyeza mrija kwenye mdomo wa vena hiyo, akaufunga kwa uzi, akaisuuza kwa maji ya chumvi mpaka yatoke bila damu. Kisha huijaza kolajenesi, kimeng'enya kinacholegeza seli za utando wa ndani, na kuiacha kwenye joto la nyuzi 37 kwa dakika 10 hadi 15. Akiharakisha, seli hazibanduki. Akichelewa, seli za misuli ya ukuta nazo zinang'oka, kazi imeharibika. Hapo ni jicho na mazoea tu.

Eric Jaffe na wenzake wa New York walieleza njia hii mwaka 1973, na mpaka leo maabara nyingi huifuata karibu vilevile. Mimi naihesabu miongoni mwa kazi nzuri kabisa za mikono katika tiba.

Seli zikimiminwa kwenye sahani iliyopakwa jelatini, hushika chini, na baada ya siku chache huwa zimebanana kama vigae vya sakafu. Maji mekundu ya kuzilishia huanza kuwa ya rangi ya chungwa, kisha manjano. Hiyo ni asidi ya laktiki. Seli hizi, ambazo mwilini huoga damu yenye oksijeni usiku na mchana, hupata sehemu kubwa ya nishati yao kwa kuvunja glukosi bila kuigusa oksijeni hiyo. Huiacha ipite kwenda kwenye moyo, ubongo na misuli. Mwaka 2013, kundi la Peter Carmeliet huko Leuven, Ubelgiji, lilionyesha kwamba ukikipunguza kimeng'enya PFKFB3, kinachochochea uvunjaji huo, mishipa mipya hushindwa kuchipua vizuri.

Lakini seli hizi hazijui kufunga mlango sukari inapozidi kwenye damu. Inaingia tu. Mitokondria hutoa kemikali kali za oksijeni, nayo oksidi ya nitriki, gesi inayolegeza mshipa, huharibiwa kabla haijafanya kazi. Mishipa hukakamaa, na ile midogo ya jicho huanza kuvuja, tena bila maumivu yoyote. Kama una kisukari, usingoje mpaka uone ukungu. Nenda ukapimwe macho kila mwaka.