Wakonyingo si Watoto

Mliotazama igizo la Wakonyingo kule Tarakea, Rombo, usiku ule wa sikukuu mnajua ninaanzia wapi. Mgeni wa kwanza anapanda jukwaani, fimbo mkononi, midomo imekauka kwa njaa. Anawakuta Wakonyingo, mbilikimo wa visa vya Wachaga wanaoishi juu ya Kilimanjaro, wakichunga ng'ombe. Anawainamia na kuwauliza: baba zenu na kaka zenu wako wapi? Kisa kizima kinageukia kwenye swali hilo, na mwongozaji alikiua papo hapo, kwa sababu waliosimama mbele ya mgeni walikuwa watoto. Watoto wa darasa la tatu na la nne, waliopakwa unga kwenye nywele na kubandikwa ndevu za katani.

Kwa picha ile, mgeni aliuliza swali la mtu mwenye adabu. Ukikuta watoto wanachunga, unaulizia wakubwa wao. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sote. Hadhira ikahamia upande wake na haikurudi tena. Jioni ng'ombe wakaingizwa zizini, mmoja akachinjwa, mgeni akaambiwa asubiri hao wakubwa aliowaulizia ndipo ale. Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa uchungu, "Jamani, si wampe hata supu!" Alikuwa na haki. Alichokiona ni watoto watundu wanaomtesa mpita njia. Kumbe kisa kinasema wale ni wazee, wenye nyumba zao, mifugo yao na migomba yao, na mgeni amewavunjia heshima katika uwanja wao kwa sababu ya kimo chao tu.

Kosa la mgeni lazima hadhira ilione kuwa ni kosa. Isipoliona, adhabu inageuka uonevu, na mgeni wa pili, yule anayewaamkia kama watu wazima na kushuka mlimani na ng'ombe, anaonekana ni mjanja aliyejua kujipendekeza. Wenzetu wa kusini wanalijua jambo hili. Wazulu wana mbilikimo wao, Abatwa, ambao wakikutana nawe hukuuliza umewaona kuanzia wapi. Ukijibu kwamba umewaona sasa hivi, miguuni pako, umekwisha. Unapaswa kusema uliwaona tangu mlima ule wa mbali. Huko tusi la kimo linalipwa kwa mshale wa sumu. Wakonyingo wetu ni wapole zaidi, wanakunyima nyama tu, lakini tusi ni lilelile. Ukimweka mtoto hapo, tusi limefutika. Mwongozaji alitaka wafupi, akawatazama watoto, akaona kazi imekwisha. Ndicho alichofanya mgeni wa kwanza.

Halafu ikaja ile dakika ya pembe. Mtoto mmoja aliyebeba kichwa cha Mkonyingo, tenga lililobandikwa karatasi za mifuko ya saruji, alijikwaa kwenye waya wa taa. Akaanguka kifudifudi, tenga likabingirika hadi kwa waliokaa mbele, na yeye akaruka wima akicheka. Uwanja mzima ukacheka naye. Kiunoni alikuwa na pembe ya plastiki, na hakuna aliyeipuliza usiku ule, si yeye wala mwingine.

Naomba tukae hapo kidogo. Tunasimuliwa kwamba Wakonyingo wana vichwa vikubwa mno, hata hawalali kama sisi. Hulala wamekaa, wameegemea ukuta wa nyumba, maana aliyejilaza hataweza kuinuka. Akianguka njiani hukaa palepale mpaka wenzake waje, na ndiyo sababu kila mmoja hutembea na pembe kiunoni: anapuliza, wanakuja, wanamwinua. Alice Werner aliiandika habari hiyo katika kitabu chake cha visasili vya Wabantu cha mwaka 1933, ingawa Rombo hakuna aliyehitaji kitabu ili kuijua. Kuanguka kulikotokea kwa bahati mbaya jukwaani kulikuwa zawadi kwa igizo lile. Mtoto angebaki chini, angepuliza, wanne wangekuja kumwinua kwa kuhema, na hadhira ingeelewa bila neno hata moja kwa nini watu hawa ndio wanaofaa kumpokea aliyepotea. Wanaishi kwa kuitana na kuitikiana. Mkonyingo anamjua msafiri aliyekwama kwa sababu yeye mwenyewe hukwama kila anapoteleza. Ukiuliza imani ya Wakonyingo imekaa wapi, imekaa kwenye pembe ile. Hawa ni wapokezi wa wageni wa mlima, na pembe ni chombo chao cha ibada. Kuivaa kiunoni kama pambo ni sawa na padri kubeba kalisi tupu misa nzima bila kuitumia.

Ya kusifu yapo: ngazi ya Wakonyingo ya kwenda mbinguni kutoka kilele cha Kibo ilitengenezwa vizuri. Ngoma zilikuwa safi. Tambiko la mwanzo, mzee akiwanyunyizia wasafiri kwa majani ya mmea wa sale huku ameelekea Kibo, lilifanywa kwa heshima na bila haraka, na ni kweli kihistoria: Charles New, mmisionari wa Kimethodisti aliyefika kwenye theluji mwaka 1871, aliposhuka na wenzake walinyunyiziwa dawa na wenyeji mara tu walipogusa mpaka wa makazi, ili nguvu za pepo wa mlimani ziwatoke. Mchungaji akaombewa na waganga. Wachaga hawakuwa na ukuhani wa kuajiriwa. Mzee wa ukoo ndiye aliyesimama kati ya watu wake, wahenga wao na Ruwa, Mungu wao, na igizo lililionyesha hilo sawasawa. Nimemaliza sifa.

Nimeshaandika kuhusu vipaza sauti na sitaacha. Sauti zote zilitoka kwenye spika moja iliyofungwa juu ya nguzo, kushoto. Mkonyingo anazungumza chini, sauti inatua kwako kutoka juu! Katika kisa cha watu wafupi, mahali sauti inapotokea ni nusu ya uigizaji. Mgeni anapaswa kusikia sauti nzito ya mzee kutoka usawa wa goti lake, ashtuke, na bado asiamini. Mshtuko huo ndio unaomwondolea udhuru. Waliomsikiliza Debora Mwenda kwenye kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania wanakumbuka jinsi sauti ya mtu mmoja ilivyojaza chumba viumbe ambavyo hakuna aliyeviona. Na mwandishi wa tamthilia Ebrahim Hussein alipochapisha Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi mwaka 1976, alimwachia mtambaji mmoja kazi yote. Alimwamini mtambaji na akamwamini msikilizaji. Siku hizi tunaamini tenga na unga.

Nilipowauliza waandaaji baada ya onyesho kwa nini walichagua watoto, jibu lilikuwa lile la siku zote: tungewapata wapi watu wazima wafupi? Swali hilo limejibiwa ndani ya kisa chenyewe. Wakonyingo hulala wamekaa! Wachezeni wakiwa wamekaa. Jengeni ukuta mfupi wa magome ya migomba, wakae watu wazima sita wameuegemea, vichwa vizito vimetulia juu ya ukuta, mikono ikifanya kazi za watu wazima: mmoja anasokota kamba, mwingine anakoroga mbege, mwingine ananoa kisu. Mgeni asimame. Tofauti ya kimo mmeipata bure, na mikono ile ya watu wazima inamshitaki mgeni kila anapofungua mdomo. Ng'ombe wasikike tu kwa kengele nyuma ya pazia. Anayetembea atembee kwa shida, mkono mmoja ukutani, na kila hatua tuogope ataanguka.

Watu wa kucheza hayo mnao hapo hapo. Lango la Nalemuru la kupandia mlima liko karibu, na vijiji vya kule vimejaa wagumu, wanaume na wanawake waliobeba mizigo ya wageni mpaka Kibo, wanaojua shingo inavyouma chini ya kilo ishirini. Mwambie mgumu abebe kichwa kizito bila kuanguka, hahitaji mazoezi.  

Kijana mmoja kutoka Moshi alinijia juu kwamba mbilikimo ni mambo ya kuchekesha watoto, acha wachezwe na watoto. Kijana huyohuyo hucheza mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons na rafiki zake, na humo yumo mungu wa mbilikimo anayelinda wasafiri, Marthammor Duin, mwenye alama ya rungu na buti. Waandishi wa mchezo huo walimtunga kutoka vichwani mwao, na bado walimpa makuhani watu wazima wanaokwenda njiani kuwasaidia na kuwaongoza waliopotea. Hawakumfanyia mzaha. Sisi ambao wazee wetu walisema kunguru wa shingo nyeupe wanaozunguka kule juu wametokana na nyama ya tambiko la Wakonyingo, sisi ndio tunawabandika watoto ndevu za katani.

Nasikia igizo litarudiwa Pasaka, na kwamba watazamaji watavuka mpaka kutoka Illasit kama safari iliyopita. Basi watoto wapewe kazi yao halali: wawe watoto wa mgeni, wanaomsubiri nyumbani na kumwona akirudi mikono mitupu. Zima spika. Tafuteni pembe ya ng'ombe ya kweli, machinjioni hazikosekani, na apatikane mtu anayejua kuipuliza, si wa kurekodi sauti kwenye simu. Na yule mgeni wa kwanza, ambaye ni mwigizaji mzuri na alionewa kuliko wote, apewe mbele yake mtu mzima wa kumkosea.