Fundi Anayepima Kimya

Katika kibanda cha fundi redio karibu na soko la Kyela, mezani kuna amplifaya ya Kijapani ya zama za kanda. Mwenyewe ni mkulima wa kakao kutoka upande wa Matema. Kanda ameachana nazo, nyimbo zake zote ziko kwenye simu. Anataka bodi ya kugeuza tarakimu za simu ziwe umeme wa sauti, "lakini iliyo bora, fundi, siyo hizi za sabufa."

Fundi haongelei bodi. Anafungua kifuniko kwanza. Kyela mvua haichoki, na unyevu wake hula kila swichi. Anachovya brashi kwenye spiriti, anasugua voliumu, anaizungusha na kuirudisha mpaka mkwaruzo ukatike. Kisha anashika mita: fyuzi, transfoma, kapasita mbili kubwa. Moja imevimba kichwani. Anabadilisha zote mbili, maana zilianza kazi siku moja.

Ndipo anatoa bodi kwenye droo. Ya kwanza ni ya kawaida: bluetuthi, flashi, redio na taa za kuchezacheza, vyote juu ya chipu moja. Ya pili haina taa. Simu inachomekwa kwa waya, kwa sababu bluetuthi huukamua wimbo tena njiani. Ndani yake mna chipu ya PCM5102A ya Texas Instruments, yenye kazi moja tu: kupokea namba, kutoa mawimbi. Wimbo wa CD una sampuli 44,100 kila sekunde, kila moja ikiangukia mojawapo ya ngazi 65,536, na chipu inapaswa kuzipanda na kuzishuka bila kuchelewa wala kuwahi. Kampuni ya dCS ya Cambridge, Uingereza, iliyoanzishwa 1987, inatengeneza mashine za kazi hiyohiyo kwa bei ya gari. Fundi anazijua kwa picha, wala hazimkoseshi usingizi.

Anaunganisha ya kwanza, lakini hapigi wimbo. Anapandisha voliumu hadi robo tatu, anainamisha sikio kwenye spika. Kuna muungurumo wa chini, na juu yake kimlio chembamba kama cha mbu. Anaweka ya pili. Mbu kaondoka, muungurumo umebaki. Wanunuzi wengi wangeilaumu bodi hapo hapo, na nadhani ndivyo fedha nyingi za vyombo vya muziki zinavyopotea. Fundi analaumu eathi. Umeme wa hertz 50 ukipata njia mbili za kurudi, huzunguka kati yake na kutokea kwenye spika.

Anakata waya mmoja. Eathi zote anazikusanya penye nukta moja, katikati ya zile kapasita mpya. Bodi anaipa transfoma yake ndogo, ameielekeza mbali na nyaya za sauti. Chuma cha kulehemu anakigusisha kwenye kiungo kwanza, kipate moto, halafu ndipo analeta risasi. Inatambaa kuzunguka waya na kung'aa. Haipulizi. Anaingoja ipoe, anauvuta waya kidogo, anakwenda kwa mwingine.

Voliumu robo tatu tena. Anasikiliza muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Hamna kitu.

Sasa wimbo, wa Mbaraka Mwinshehe. Kwenye simu ya mkulima gitaa linasikika, ila matoazi yanachuruzika kama maji: faili limekamuliwa mno lisijaze simu. Fundi anachomeka simu yake, wimbo uleule, nakala kubwa zaidi. Matoazi yanarudi, na gitaa la pili, lililokuwa limejificha, linajitenga upande wa kushoto.

"Kumbe bodi yako ndiyo kali," mkulima anasema.

"Bodi ni ileile, mzee. Namba zilizokwisha kutupwa haiziokoti."

Anaiacha ikipiga mpaka jioni, akiigusa transfoma mara kwa mara kupima joto. Mkulima ameambiwa arudi kesho saa nne, na aje na kadi tupu ya kunakilia nyimbo.